Chai ya Mama Chebet, Mara Tatu

Chebet alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, nikimpunguzia maneno mwandishi mmoja kijana ambaye jua la hadithi yake lilikuwa limechomoza mara tano ndani ya kurasa tatu. Hakusalimu. Alisema, "Akoth, mama ametuacha," kisha tukabaki tunasikilizana tukipumua, yeye akiwa Ndanai na mimi Kisumu. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali ya Longisa kwa wiki mbili, mtu aliyekula chumvi nyingi, na kila mmoja wetu alijua simu hiyo ingekuja, lakini kujua hakukunisaidia. Baada ya muda akasema mazishi ni Ijumaa ya wiki ijayo, na kwamba yuloji, wasifu wa marehemu wa kusomwa mazishini, niandike mimi. Nilimwambia yeye ndiye mtoto, tena mwalimu aliyefundisha watoto wa watu kuandika mpaka akastaafu. "Nimejaribu," akasema. "Wacha nikusomee." Akasoma. Mama yetu mpendwa alikuwa taa ya jamii, nguzo ya kanisa, chemchemi ya upendo isiyokauka. Alipofika kwenye ua lililonyauka alisita. "Unasikia?" "Nasikia." "Sasa huyo mama ni nani?" akauliza, na hapo, Mungu anisamehe, nilicheka siku ya msiba, naye akacheka huku akilia, kwa sababu swali hilo lilikuwa la mama yake, na sote wawili tulikumbuka siku aliyoliuliza kwa mara ya kwanza.

Mimi ni mhariri, na sioni haya kusema ni mhariri mzuri. Nimesoma hadithi za watu hadi macho yakaomba miwani mara mbili. Vijana huniuliza nilijifunzia wapi kuona sentensi inayodanganya, wakitarajia nitaje chuo fulani na profesa fulani. Huwaambia nilijifunza kwenye kituo cha kununulia majani chai, upande wa Bomet, katika mwaka mmoja tu, na aliyenifundisha ni mwanamke ambaye vitabu vyake vilikuwa viwili, Biblia na kitabu cha nyimbo. Hudhani natania.

Habari za kwetu nitaziruka. Inatosha kujua kwamba nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai huko Kericho, mtoto wa watu wa ziwani, na kwamba nilipofikisha miaka ishirini nilipata kazi ya ukarani kwenye kituo cha wakulima wadogo, mbali kidogo na nyumbani. Nilihitaji mahali pa kulala. Mama Chebet alikuwa na chumba cha mabati pembeni mwa boma lake, kimoja, chenye kitanda, meza iliyopungukiwa mguu na magunia mawili ya mahindi ambayo hayakuwa na mahali pengine pa kukaa. Nililala mwaka mzima nikinusa mahindi makavu. Dirisha lilitazama chai yake, mistari yake ya kijani ikiteremka hadi mtoni, na kila alasiri mvua ilipanda kutoka bondeni ikapiga mabati yangu mpaka mtu hawezi kusikia wazo lake mwenyewe. Kwa bahati nzuri mawazo yangu siku hizo hayakuwa mengi. Nilikuwa na alama ya juu kabisa ya insha ya Kiswahili katika shule yangu, na nilikuwa nimejipangia kuwa mwandishi wa hadithi fupi. Sikuona kilichobaki isipokuwa watu kutambua.

Lakini chumba changu hakikuwa mahali pa kuishi. Pa kuishi palikuwa jikoni kwa Mama Chebet. Lilikuwa jiko la udongo lililojitenga na nyumba, jeusi ndani kwa moshi, vibuyu vya maziwa vimening'inia ukutani, na viti vitatu vya miguu mifupi kuuzunguka moto. Kimoja chake, kimoja cha Chebet, ambaye alikuwa rika langu na alifundisha nasari ya kanisani, na cha tatu, kuanzia wiki ya pili, kikawa changu. Hakuna aliyetangaza. Jioni moja nilikuta kimefutwa vumbi, nikaketi. Tulikula kimyet, ndio ugali wao, kwa mboga ya isagek iliyolala ndani ya maziwa tangu jana yake, na mursik, maziwa yao ya mgando yenye chembe za mkaa wa kibuyu, ambayo mwanzoni niliinywa kwa adabu na baadaye kwa uroho. Walizungumza Kipsigis, wakanikumbuka, wakahamia Kiswahili. Nani amepeleka ndama soko la Siongiroi na kurudi naye, nani anamwimbia nani kwenye kwaya. Mama Chebet alisema "pado" palipotakiwa "bado", mimi nilisema "sida" palipotakiwa "shida", na Chebet alituiga wote wawili bila huruma. Sikuwa nimewahi kupendezwa na mahali namna ile.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Mkulima huleta chai yake kikapuni, humwaga majani juu ya meza, karani huyapitisha mkono. Yanayotakiwa ni majani mawili na chipukizi, laini. Ukikuta jani gumu jingi unakataa. Chai huchunwa kwa zamu. Mstari ukipitwa na zamu yake, majani hukomaa, na mkulima hata awe malaika hawezi kuyarudisha utotoni. Sasa mwezi wa nne wa kukaa kwangu, Chebet alishikwa na malaria kali akapelekwa Longisa. Mama yake alikaa naye huko siku tatu mchana na usiku, akiwa amekaa kwenye benchi na leso mabegani, na chai yake ikapitwa na zamu. Nilijua hayo yote. Nilimpelekea uji mimi mwenyewe siku ya pili. Alirudi Jumatano na mgonjwa wake, na Alhamisi alfajiri aliingia shambani peke yake, akachuna kilichokuwepo, kwa haraka, akaja kituoni akiwa wa mwisho kwenye foleni.

Siku hiyo msimamizi alikuwa ametoka kiwandani kuja kutazama karani mpya anavyofanya kazi. Alisimama nyuma yangu mikono ameikunja mgongoni, mtu mpole, mwenye kikohozi kidogo kilichonitisha kuliko makelele. Mama Chebet akamwaga majani mezani. Nilipoyagusa tu nilijua. Pale ilikuwa desturi, na nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, kwamba mwenye jani gumu huambiwa aketi kando na gunia atandike, achambue, alete tena kabla lori halijafika. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Ndipo mtu kwenye foleni akasema, akicheka, "Hiyo hawezi kataa. Si ni mama yake huyo, anakula kwake." Msimamizi akakohoa. Nami nilikusanya majani yote yale kwa mikono miwili, nikayarudisha ndani ya kikapu chake, nikatoka nacho hadi kwenye nyasi, nikakipindua.

Kwenye shamba kubwa nilikozaliwa, kumwaga chai ni jambo la kila siku. Mnyapara anaona jani gumu anamwaga, mchunaji anasonya, mambo yanaendelea. Kwa wakulima wale wadogo lilikuwa tendo lingine kabisa. Pale chai ilimwagwa kwenye nyasi kwa sababu moja tu: mtu akishikwa ameficha mawe au vijiti chini ya kikapu ili mizani imdanganye karani. Kumwagiwa kwenye nyasi kulikuwa kutangazwa mwizi. Hakuna aliyeniambia, kwa kuwa hakuna aliyewaza kwamba kuna mtu hajui. Niliona tu watu wakirudi nyuma hatua moja. Mama Chebet hakulia. Aliokota kikapu, akakipiga kitako mara mbili kukung'uta vumbi, akashika njia ya nyumbani, na yale majani yakabaki pale hadi adhuhuri, yakawa meusi.

Jioni hiyo sikuitwa kula. Chebet, akiwa bado dhaifu, alikuja kwenye mlango wangu na sahani iliyofunikwa sahani nyingine. "Unajua umemwita mama mwizi?" akaniuliza, na ndipo akanieleza. Nilikimbia jikoni nikaomba msamaha nikiwa nimesimama mlangoni. Mama Chebet alikuwa anakoroga unga, hakugeuka. "Haina neno," akasema. Mtu akikwambia haina neno na hageuki, ujue neno liko. Kesho yake sahani ilikuja tena chumbani, na kesho kutwa. Chakula kilikuwa kilekile, moto uleule, maziwa hayakupungua hata kijiko. Nililishwa vizuri kama mgeni wa kanisa, nikakonda. Na kule kituoni nilianza kuona mambo ambayo sikuyaona mwanzo. Mama Chebet akifika kwenye foleni, mwanamke aliyesimama nyuma yake alikuwa akitupa jicho ndani ya kikapu chake. Siku moja jirani aliingiza mkono hadi kwenye kitako cha kikapu, akijifanya anasifu majani. Jina lake ndilo lililokuwa limemwagika, na mimi nilitaka kumrudishia jina, na nilitaka kurudi kwenye kiti changu jikoni. Sikujua kufanya lolote vizuri isipokuwa kuandika, kwa hiyo niliandika.

Nawaomba radhi wote wanaopenda Kiswahili kwa hadithi ile ya kwanza. Nilianza na methali, kama tulivyofundishwa. Jua likachomoza kwa madaha, ndege wakaimba nyimbo za kumsifu Muumba, na katika kijiji fulani aliishi ajuza mmoja fukara hohehahe. Nilimpa mume mlevi, ingawa mume wa Mama Chebet alikuwa mtu wa kanisa na alishafariki. Nilimpa karani mwanamume mwenye kitambi, macho mekundu na moyo wa jiwe, ambaye alicheka kwa kebehi akimwaga chai. Machozi ya ajuza yalitiririka njia mbili mbili. Wiki moja lori lilipokwama kwenye matope na watu wakawa wamekaa juu ya magunia wakingoja, nikasema nina hadithi, nikasoma kwa sauti nzuri ya mashindano ya shule. Walisikiliza kwa heshima. Wengine walicheka kwenye kitambi. Nilipomaliza nilimtazama Mama Chebet, maana nilikuwa nimemwomba msamaha mbele ya kila mtu. Alikuwa amesikitika kwelikweli. "Huyo mama ni nani?" akauliza. "Ni wa wapi? Pole yake." Kisha akamgeukia mwenzake, wakaendelea na mazungumzo yao ya kuku.

Alimhurumia, unaona. Alimhurumia mwanamke wa mbali asiyemjua, na jioni sahani yangu ikaja imefunikwa. Chebet aliketi kwenye gunia la mahindi akacheka mpaka akashika ubavu. "Akoth, hiyo ni ya kupata maksi," akasema. "Hiyo Kiswahili yote umetoa wapi? Mgonjwa nilikuwa mimi, na kwa hiyo hadithi sikujiona." Ilinichoma, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa nimeituma kwenye shindano moja, na kwa taarifa yako, ilipata cheti. Ninacho mpaka leo ndani ya droo. Waamuzi waliona utajiri wa lugha. Hawakukosea, utajiri ulikuwepo, na ndani yake hapakuwa na mtu. Yale maneno nilikuwa nimeyaazima kwa watu walioyaazima kwa wengine, na kila nilipoweka moja nilikuwa namfunika Mama Chebet kidogo, hadi akafunikwa kabisa, nami nikafunikwa pamoja naye, salama ndani ya kitambi cha karani. Siku hizo sikuliona hili la mwisho. Nilidhani kosa ni mapambo tu.

Kwa hiyo nikayatoa. Chebet alinipa ushauri mmoja: usiweke neno ambalo mama hawezi kusema jikoni. Nilikata jua, nikakata ndege, mume mlevi nikamzika. Sentensi zikawa fupi. Mwanamke anakuja na kikapu. Karani anagusa majani. Karani anamwaga. Mwanamke anainama. Nilijisikia nimekuwa mkubwa, na kusema kweli ile ya pili ilikuwa imeandikwa vizuri. Kama ingeletwa mezani kwangu leo ningeipigia alama ya sawa. Niliisoma Jumapili moja alasiri, mvua ikinyesha, nikiwa nimesimama kwenye kizingiti cha jiko kwa kuwa sikuwa nimekaribishwa ndani. Mama Chebet alikuwa anasafisha kibuyu kwa ufagio wake mdogo. Nilipofika kwenye kikapu kilichopigwa kitako mara mbili, mkono wake ulisimama. Nikajua ameona. Nilifurahi, na nikawahi mno kufurahi.

"Sasa huyu ni mimi," akasema. "Hata kikapu ni yangu. Lakini umeniweka hapo chini na ukaenda." Nikamuuliza anamaanisha nini. Aliweka kibuyu chini. Sikuwahi kumwona amekasirika kabla ya hapo, na alikasirika kwa utulivu kama mtu anayepanga vyombo. "Nimelala Longisa siku tatu. Hiyo haiko. Mtu akisikia hii yako atasema huyu mama ni mvivu, chai imemshinda. Na mwenye kumwaga ni nani? Karani, karani. Karani hana jina? Hana mahali anakula?" Nilijitetea kwamba hadithi fupi ni lazima iwe fupi, kwamba msomaji huachiwa kazi. "Mimi sijasoma," akasema, "lakini hiyo umeacha si ya kuachia mtu. Umeacha yako." Akachukua kibuyu chake. Mvua ilikuwa imeshika kasi, nikarudi chumbani nikiwa nimelowa na karatasi imelowa.

Nimesimulia mkasa huu mbele ya waandishi mara nyingi, na huwa wanatarajia niseme kwamba lugha nyepesi ni bora kuliko lugha nzito. Sisemi hivyo hata kidogo. Nawapenda wanaoweza kuipamba lugha na bado mtu akaonekana ndani yake. Nilichojifunza kizingitini ni kwamba mtu anaweza kudanganya kwa sentensi fupi vilevile, tena akaaminika zaidi. Katika ile ya kwanza nilijificha nyuma ya maua. Katika ile ya pili nilijificha nyuma ya ukavu, nikachagua pa kuanzia, nikaanzia mezani, si kwenye benchi la Longisa, na kwa kuanzia pale tu nilikuwa nimeshamhukumu mama wa watu kabla hajafungua mdomo. Kila nilichokiandika kilikuwa kweli. Nilikuwa nimeona vizuri sana kila kitu isipokuwa mkono wangu.

Ya tatu ilinichukua karibu mwezi. Si kwamba ilikuwa ndefu. Sentensi ya kwanza ndiyo iliyokataa. Nilikuwa naketi kwenye meza yangu ya miguu mitatu, naandika kila sentensi iwezekanayo ila ile moja, nafuta, natazama chai ikilowa dirishani. Mwishowe ikatoka siku ambayo nilikuwa nimekasirika, na nimejikasirikia mwenyewe. Nilimwaga chai yake. Nilijua ilikomaa kwa sababu gani, kwa kuwa siku mbili kabla nilikuwa nimempelekea uji Longisa. Baada ya hizo mbili, zilizobaki zilikuja kwa kufuatana kama ng'ombe wanaojua njia ya kwao. Nilisema msimamizi alikohoa na mimi nikaogopa. Nilisema kuhusu aliyecheka kwenye foleni. Nilisema nilikuwa na kiti jikoni kwake. Ya kwangu yote yakawa mle, na ajabu ni kwamba nilipojitia mimi, yeye akasimama. Hakuinama tena popote. Mwishoni niliweka kwamba nililia chumbani, jambo ambalo ni kweli, na kwamba naomba msamaha.

Safari hii sikusimama kizingitini. Nilimkuta shambani akichuna, nikamsomea nikiwa katikati ya miche, maji ya umande yakinilowesha hadi kiunoni, naye akiendelea kuchuna kwa mikono yote miwili huku akinisikiliza. Nilipomaliza alichuna kama mara kumi hivi. Kisha akasema, "Toa hiyo ya kulia. Hiyo ni yako ya chumbani." Nikasema sawa, lakini sasa hadithi itaishia wapi. "Kesho yake nilifanya nini?" akaniuliza. Nikamwambia sijui. Alisimama akanitazama, na uso wake nauona hadi leo, haukuwa na hasira, ulikuwa umeshangaa tu. "Akoth. Kesho yake nilileta tena. Nusu kikapu, majani mawili na chipukizi, nilichagua moja moja. Na ni wewe ulipima." Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeitundika kwenye mizani kwa mikono hii na kuiandika kwenye kitabu changu, na sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeshughulika na huzuni yangu. "Andika hiyo," akasema. "Hapo ndiyo iishe." Halafu akaongeza, huku ameshaanza kuchuna tena, "Na ulimwaga mbele ya watu. Usome mbele ya watu."

Huo ndio ulikuwa mtihani. Karani wa chai huheshimiwa kwa sababu mkono wake hausiti. Akianza kukiri makosa mbele ya foleni, kesho kila mwenye jani gumu atamkumbusha. Nilifikiria hayo kwa siku mbili. Siku ya tatu, kabla lori halijafika, nikasimama nyuma ya meza ileile nikasoma. Hakuna aliyecheka. Nilipofika Longisa nilisikia mwanamke mmoja akiguna kwa huruma, mmoja wa wale waliokuwa wakitupa jicho kikapuni. Nilipofika kwenye sentensi ya mwisho, kesho yake alileta tena, nilikunja karatasi haraka. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea fimbo yake karibu na mizani aliuliza, si kwangu bali kwa watu wote, "Kwa hivyo haikuwa wizi?" Nikamjibu haikuwa wizi. "Na wewe hukujua maana ya kumwaga?" Nikamjibu sikujua, lakini Longisa nilijua. Akatikisa kichwa muda mrefu. Kisha akamwambia Mama Chebet jambo kwa Kipsigis, fupi, na watu wakaanza kupanga foleni. Siku hiyo aliyekuwa nyuma ya Mama Chebet alitazama barabara. Jioni nilikaa chumbani nikingojea sahani yangu na sahani haikuja. Nilingoja mpaka nikaogopa. Ndipo nikasikia sauti kutoka jikoni, "Akoth, kwani unangoja kubebewa? Kimyet inapoa." Nilikuta kiti kimefutwa vumbi.

Niliondoka mwisho wa mwaka huo, na miaka yote iliyofuata nilikuwa nikirudi, na wakati wa uhai wake sikuwahi tena kubebewa chakula katika boma lile. Nilimwambia Chebet kwenye simu kwamba nitaandika yuloji, ila sitaandika ya taa na nguzo. Akauliza, "Utaweka ile ya chai?" Nikamwambia ni yeye wa kuamua, maana kanisani watu hawajazoea kusikia marehemu aliwahi kuitwa mwizi, na walio wengi sasa ni vijana waliozaliwa baada ya jambo lenyewe kusahaulika, nikiliandika nitakuwa nimelifufua. "Mama angeuliza Longisa iko wapi," akasema Chebet. "Iweke. Na usinipe mimi nisome."

Nilisoma mwenyewe, Ijumaa, chini ya hema, mvua ikiwa imesimama bondeni na kutuvumilia. Nilitaja alipozaliwa na alipobatizwa, watoto na wajukuu, kwa sababu hayo nayo ni ya kweli na yana mahali pake. Kisha nikasema: Nilimwaga chai yake. Niliona vichwa vikiinuka kutoka kwenye vijitabu vya ibada. Mchungaji akanitazama kana kwamba nimegeuza kurasa vibaya. Sikusita, umri una faida zake, na sauti yangu ya mashindano ya shule bado ninayo. Nikasema yote, uji, kikohozi, nyasi, kikapu kilichopigwa kitako mara mbili. Nikafika mwisho alionipa mwenyewe akiwa katikati ya chai yake, nikasoma: Kesho yake alileta tena. Nikakunja karatasi. Kutoka nyuma kabisa, kati ya wazee wa kike, sauti moja kavu ikasema, "Na ilikuwa safi. Mimi nilikuwa nyuma yake."

Baada ya kaburi tulitawanyika kula. Wageni kutoka mbali tulikuwa na hema letu, lenye vitambaa vya meza, na msichana mwenye adabu nyingi, mjukuu wa Chebet nadhani, akaja kuninawisha mikono na kuniletea sahani iliyofunikwa sahani nyingine. Nilimshukuru. Niliitazama sahani ile kwa muda, mvuke ukitokea pembeni. Kisha nikainuka nayo, nikapita katikati ya viti na watu na magari, nikateremka nyuma ya nyumba hadi kwenye jiko la zamani, ambako Chebet alikuwa ameketi na wanawake wa boma, viatu vya mazishi amevivua. Aliniona mlangoni na sahani yangu mkononi. Alivuta kiti kimoja cha miguu mifupi kutoka ukutani, akakifuta kwa upindo wa leso yake, nikaingia nikaketi.